Baba ananiita Dokta, lakini Fizikia nimepata D

Shikamoo Anti,

Naomba usinitaje jina. Nina miaka 17, naishi Singida, na nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Matokeo yametoka nimepata divisheni wani ya 13. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Tangu siku ile kila mtu nyumbani ana furaha isipokuwa mimi, kwa sababu kila mtu ananichagulia kombi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita.

Alama zangu ni hizi: Jiografia A, Kiswahili A, Baiolojia B, Kiingereza B, Historia B, Uraia B, Kemia C, Hisabati C, Fizikia D.

Baba yangu ni fundi cherehani. Nilipokuwa darasa la tano alinunua kitambaa kizito cheupe, akakifunga kwenye nailoni, akakiweka rafu ya juu kabisa dukani. Mteja akikiulizia anajibiwa hakiuzwi, ni cha koti la Dokta. Dokta ndiye mimi, na ndivyo anavyoniita mbele za watu. Anataka nichukue PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, hataki kusikia kingine.

Shida ni Fizikia. Shuleni kwetu kidato cha kwanza na cha pili hatukuwa na mwalimu wa somo hilo, tulikuwa tunanakili notsi za wenzetu wa shule ya jirani. Kidato cha tatu akaja mwalimu wa kujitolea, akafundisha vizuri muhula mmoja, akapata kazi kwingine akaondoka. Kwenye mtihani nilijibu kwa kukariri.

Mwalimu wa taaluma anasema kwa alama zangu HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, ndiyo kombi yangu, nitafaulu bila jasho. Na kweli, tulipojaza selform, fomu ya kuchagua kombi, shuleni kabla ya mtihani, HGL niliiweka ya kwanza kwa sababu rafiki yangu kipenzi aliiweka na tulikubaliana twende wote. Baba mdogo naye anasema kidato cha tano ni kupoteza muda, niende chuo cha afya nisome utabibu ngazi ya diploma, miaka mitatu niko kazini.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Bibi yangu mzaa baba ana kisukari. Mwaka juzi nilimsindikiza kliniki hospitali ya wilaya. Kwa daktari tulikaa dakika chache, kisha tukapelekwa chumba cha pili kwa dada mmoja afisa lishe. Akachukua sahani tupu, akamwonyesha Bibi kwa kidole: nusu hii mboga, robo hii ugali, robo hii maharage au samaki. Hakumkataza ugali, alimwonyesha unakaa wapi. Akauliza nani anapika nyumbani. Nikasema mimi. Tangu siku hiyo ndiye ninayempakulia Bibi, na kwenye daftari naandika alichokula na namba ya sukari tuliyopima. Ilipoanza kushuka niliiona kwa macho yangu kwenye zile kurasa. Sijawahi kusikia raha ya namna ile darasani. Lakini nikimwambia Baba nataka kusomea chakula, naona nitamvunja moyo.

Dirisha la kubadilisha kombi litafungwa karibuni. Anti, nichukue PCB, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), HGL au niende chuo? Na nikichukua CBG halafu nikabadili mawazo, nitaweza kuwa daktari?

Ni mimi niliye njia panda,
Singida

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Divisheni wani ya 13 kutoka shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ni kazi kubwa, na aliyeifanya ni wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Udaktari una mistari michache, na yote ni maneno ya Baba yako. HGL ni maneno ya mwalimu na ya rafiki yako. Ulipofika kwenye sahani ya Bibi, ndipo uliposema mwenyewe, na ukakumbuka mpaka kidole cha yule dada kilipita wapi. Nitakujibu nikiwa na hilo kichwani, ila sitaki likufanye uharakishe, kwa sababu lipo jambo la kupima kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye jibu fupi. Ukichukua CBG, udaktari wa binadamu kwa njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita hautaupata. Shahada ile inataka prinsipo tatu, yaani ufaulu wa kuanzia E kwenda juu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Jiografia yako hata ikiwa A haizibi pengo la Fizikia. Wapo watu watakaokuambia "we soma tu, utaona mbele." Mwanangu, mbele utakuta ukurasa wa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, umeandika masomo matatu, na wewe unayo mawili.

Sasa geuza. Lishe inasimama juu ya Kemia na Baiolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina shahada ya lishe ya binadamu, miaka mitatu. Masomo hayo mawili yamo ndani ya PCB na yamo ndani ya CBG. Kwa hiyo ukitazama karatasi peke yake, Baba yako hajakosea: PCB inabeba njia zote mbili, ya udaktari na ya lishe, na CBG inabeba moja. Ningekuwa nakudanganya kama ningekuficha hilo kwa sababu tu nimependa hadithi ya sahani.

Lakini kombi haisomwi kwenye karatasi. Nimefundisha Kemia kidato cha tano na sita kwa miaka mingi. Kila Julai, wiki ya kwanza ya kufungua, nje ya ofisi ya taaluma kulikuwa na foleni ya wanafunzi wapya, wengine magodoro na matranka yao yangali chini ya mti. Wote walikuwa na ombi moja, kubadili kombi. Nilikuwa namwuliza kila mmoja kwa nini alijaza aliyoijaza. "Nilikuwa na A ya Hisabati." "Mjomba alisema." "Tulikubaliana na wenzangu." Katika miaka yote sikumbuki hata mmoja aliyenitajia kozi anayoitaka chuoni na masomo inayoyadai. Walichagua herufi tatu kwanza, wakategemea kozi itajitokeza yenyewe. Kombi inachaguliwa kuanzia nyuma: kozi kwanza, halafu masomo inayoyataka, halafu ndipo herufi. Wewe, bila kujua, umeshaanzia nyuma. Umeiona kazi yenyewe ikifanywa, ukaifanya kwa mikono yako nyumbani.

Hebu sasa tuzitazame alama zako kwa macho ya kidato cha sita. Hili wanafunzi wengi hawaambiwi: mizani inabadilika. Kidato cha nne, C inaanzia 45 na D inaanzia 30. Kidato cha sita, C inaanzia 60, D inaanzia 50, E 40, S 35, na chini ya hapo ni F. Maana yake, D yako ya Fizikia iko kati ya 30 na 44. Alama hizo hizo ukizipata kidato cha sita, kwa mtihani mgumu zaidi, zinaitwa F, au S, au kwa bahati E. Na TCU inahesabu prinsipo kuanzia A mpaka E: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ili uombe shahada, kwa kawaida unatakiwa prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo ambayo kozi inayataka. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kwenye udaktari wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, na anayeshika mstari wa chini mara nyingi hubaki nje.

Kwa hiyo msichana wa PCB anayetoka na Kemia C, Baiolojia C na Fizikia S, udaktari umemkatalia, na bado ana pointi 6 za kuombea lishe. Utasema basi hakuna hasara. Hasara ipo, lakini haionekani kwenye cheti. Ni yale masaa. Fizikia inayokusumbua inakula usiku wa Kemia. Nimewaona wengi wakianza na Baiolojia ya B wakamaliza na ya D, kwa sababu kila jioni walikuwa wanazima moto upande mmoja. Na muda wenyewe ni mfupi: unaingia Julai, mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka wa pili. Ukitoa likizo, miezi ya darasani haifiki 20.

Sasa D yenyewe. Hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu naona unaichukulia kama hukumu. D ya mtu aliyefundishwa miaka minne na mwalimu mzuri ni kitu kimoja, na D ya mtu aliyenakili notsi za shule ya jirani ni kitu kingine. Angalia ulichokosa. Mwendo wa mstari mnyoofu, sheria za Newton, mkondo wa umeme, msawazo wa nguvu: hizo zote ni mada za kidato cha pili, mwaka ambao hamkuwa na mwalimu. Na ndizo msingi wa Fizikia ya kidato cha tano. Mwendo wa kitu kilichorushwa, mwendo wa duara, mitetemo, vyote vinajengwa juu ya Newton. Bila msingi huo utaona giza wiki ya kwanza, lakini si kwa sababu huna akili ya Fizikia. Hakuna aliyewahi kukupa nafasi ya kujua kama unayo.

Jipe nafasi hiyo kabla dirisha halijafungwa. Wiki mbili zinatosha. Tafuta kitabu cha Fizikia cha kidato cha pili na mtu mmoja anayeijua, mwanafunzi wa kidato cha sita aliye likizo au mwalimu yeyote jirani. Chukua mada mbili tu, mwendo na sheria za Newton. Soma kila siku, fanya maswali kwa mkono wako, usisome majibu ya mwenzio. Wiki ya pili ikiisha, toa maswali ya mada hizo kwenye pasti pepa za NECTA za miaka mitano, jifungie, weka saa, jibu. Halafu mpe mtu mwingine asahihishe.

Namba utakayoipata ina maana, lakini mimi ningependa uangalie kitu cha pili pia: hizo jioni 14 zilipitaje? Kuna mtu anapata 40 huku akiwa na hamu ya swali la kesho. Kuna anayepata 65 na kila jioni alikuwa anatamani iishe. Ukiona Fizikia inafunguka na ndani yako ukasikia kwamba na udaktari nao unautaka, wewe na si Baba, basi PCB ni uamuzi wa haki na usiogope D ile. Ikifunguka na bado moyo uko kwenye sahani, umejua vilevile, na hutakuja kusema baadaye kwamba uliikimbia.

Somo ninaloliwazia zaidi kwako, kwa kweli, ni Kemia. Hukuliuliza, lakini ni somo langu na siwezi kulipita. PCB ina Kemia. CBG ina Kemia. Sayansi yoyote utakayoichagua kati ya hizi, Kemia unaenda nayo, na una C. C ya kidato cha nne ni pana sana, inatoka 45 mpaka 64. Cheti hakisemi yako iko wapi, lakini wewe unajua. Moko, ule mtihani wa majaribio, ulipata ngapi? Swali la moli ulikuwa unalijibu kwa kuelewa, au ulikuwa unatafuta fomyula inayofanana? Mwanafunzi asiyeelewa moli kidato cha tano anateseka kila mada, kuanzia titresheni mpaka kasi ya mmenyuko. Kati ya sasa na Julai, hata kama hutafanya lingine, rudia moli, kusawazisha milinganyo, na mwanzo wa kemia ya kaboni. Fanya mpaka mtu akikuamsha usiku unaweza kumweleza.

Na Hisabati usidhani umeiacha. CBG wanasoma BAM, hisabati tumizi ya msingi, kama sabusidiari, yaani somo la nyongeza, sawa na wenzao wa PCB. C yako inatosha kuanzia, na itunze, kwa sababu kozi kadhaa hutazama kama una walau sabusidiari ya hisabati au ufaulu fulani wa kidato cha nne.

Kuna kombi ambayo hukuitaja, na nadhani hakuna aliyekutajia: CBN, yaani Kemia, Baiolojia na Chakula na Lishe ya Binadamu. Si mpya, ilikuwepo kabla ya Machi 2024, Serikali ilipotangaza tahasusi, yaani kombi, 65 badala ya 16 zilizokuwepo. Haifahamiki sana kwa sababu si shule nyingi zinazoifundisha. Kwa mtu anayeandika daftari la sukari la bibi yake, nisingeacha kuitafuta. Fungua orodha ya tahasusi na shule zake kwenye mfumo wa mtandaoni wa selform, uone kama ipo na iko wapi. Kama shule zake ni chache mno, CBG inakufikisha kule kule, na A yako ya Jiografia itakubeba. Ila jua kwamba Jiografia ya kidato cha tano si ile ya kutaja mito. Kuna upimaji wa ardhi, takwimu na kusoma picha, na inataka uandishi mrefu wenye hoja.

HGL sina mengi ya kusema. Mwalimu wako amesoma alama vizuri, na pengine kweli ungefaulu. Lakini katika barua nzima hukuandika neno moja kuhusu unachokitaka huko. Ukishaiacha Kemia na Baiolojia sasa, kuzirudia baadaye ni kazi ngumu, na lishe inaondoka nazo. Kuhusu rafiki yako, mfumo unapanga kwa ushindani wa alama na nafasi za shule. Mnaweza kujaza herufi zile zile, wewe ukapelekwa Iringa na yeye Tabora.

Baba mdogo nataka umsikilize kwa heshima, kwa sababu njia yake ni halali kuliko watu wanavyoisema. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, inaingiwa na wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa walau D kwenye Kemia, Baiolojia na Fizikia, na wewe unazo zote. Maombi yanapita NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, unaweza kuombea shahada ya udaktari ukiwa na diploma hiyo. Kwa hiyo hata ukija kuutaka udaktari kwa moyo wako, mlango huo wa nyuma upo, mrefu lakini upo. Tofauti ya gharama nayo izungumzeni nyumbani. Kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ada ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, mnabaki na sare, godoro, vifaa na nauli. Chuo kina ada. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wa diploma mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani za kipaumbele, afya ikiwamo, ila mkopo unaombwa na si kila anayeomba hupata. Mahali ambapo sikubaliani na Baba mdogo ni hilo neno "niko kazini". Diploma inakupa sifa ya kuomba kazi, ajira yenyewe ni ushindani mwingine. Na kama hutaki kutibu, miaka mitatu ya kujifunza kutibu ni mirefu sana.

Tuje kwa Baba. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako.

Usiende kumwambia "sitaki udaktari". Neno hilo atalisikia kama unakirudisha kile kitambaa. Nenda dukani jioni wateja wakipungua, na uende na daftari la Bibi. Mfungulie ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, umwonyeshe namba. Huyo unayempakulia ni mama yake mzazi, na sidhani kama anajua kwamba kila sahani imeandikwa. Mweleze alichofanya yule dada wa hospitali, na umwambie hiyo ni taaluma inayosomewa chuo kikuu, ina watu wake hospitalini na kwenye halmashauri. Ukimaliza, mwombe akuulize maswali. Baba aliyekaa na kitambaa miaka yote hii bila kukiuza anastahili kuuliza hata mara kumi. Akisema "lakini si daktari", usibishane naye. Mwambie kweli, si daktari, na umwonyeshe sahani tena.

Na kama anataka PCB kwa hofu kwamba unaikimbia Fizikia, mshirikishe kwenye zile wiki mbili. Yeye ndiye akuwekee saa. Akikuona umeketi na Newton jioni 14 mfululizo, mazungumzo yenu yatakuwa mengine, hata matokeo yawe nini. Kama bado ni vigumu, mtafute yule afisa lishe mwenyewe, umwombe aongee na Baba hata kwa simu. Watu wa kazi husaidia sana wakiombwa vizuri.

Sasa mfumo. Badilisha mwenyewe kwa mkono wako. Najua wengi mnaenda steshenari, na hakuna ubaya, lakini kaa pembeni ya anayekubofyia mpaka mwisho. Nywila iandike kwenye daftari lako, usimwachie yeye. Kabla ya kutuma soma herufi moja moja, CBG na CBN zinachanganywa kwa kupitiwa tu. Chapisha ukurasa wa mwisho uende nao nyumbani. Usisubiri siku ya mwisho, mtandao huwa mzito wote wanapokimbilia. Ukishapangiwa shule, kubadili kombi kunategemea ridhaa ya mkuu wa shule na kama shule ina nafasi, na nimeshakueleza ile foleni ilivyokuwa.

Ungekuwa binti yangu wa kumzaa, kwa haya uliyoniandikia, ningekushauri HGL iondoke pale juu, CBN iwe ya kwanza kama ipo shule inayofaa, na CBG ifuate. PCB ingeingia mahali pa kwanza kwa sharti moja tu, kwamba zile wiki mbili zimekuonyesha wewe mwenyewe unaitaka. Kabla ya kubonyeza, pakua mwongozo wa udahili wa TCU kwa wahitimu wa kidato cha sita, haulipiwi, tafuta kozi za lishe, usome safu ya sifa kwa kidole kama yule dada alivyofanya kwenye sahani. Wakija kukuuliza kwa nini umechagua, uwe na ukurasa wa kuwaonyesha.

Kitabu cha Fizikia kitafute leo. Dirisha likifungwa, niandikie ulijaza nini, na Bibi anaendeleaje.